Miaka Mitatu Aliyoongezewa Wanjira

Koti la tano lilikuwa na doa la dawa ya manjano juu ya mfuko wa kifuani. Wanjira alikuwa akilisugua kwa mswaki, polepole ili asiuchubue uzi, simu ilipoanza kutetemeka ndani ya aproni yake. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, siku ya Ijumaa. Nje, magari ya Westlands yalikuwa yamekwisha kushikana pua kwa mkia, na ndani ya duka la dobi mvuke wa pasi ulikuwa umefunika vioo vyote.

"Ni Anita wa kliniki," sauti ilisema. "Mama, kuna shida kidogo kwa faili yako. Unaweza kupitia hapa mapema?"

"Shida gani?"

"Si ya kuongea kwa simu. Kuja na kitambulisho. Ile yenyewe, si kopi."

Wanjira alilitundika koti pamoja na mengine. Yote yalikuwa ya kliniki hiyo hiyo. Alikuwa amewafulia madaktari wale makoti na mashuka yao ya kijani kwa miaka sita kabla ya kupata ujasiri wa kuuliza wanatibu ugonjwa gani. Aliyemjibu alikuwa dereva wao. "Hapo watu hutengenezewa watoto, mama. Wale wa chupa." Siku hiyo Wanjira aliunguza kola mbili.

Alikwenda kuomba ruhusa kwa mwenye duka, Bi Abeer, mama wa Mombasa aliyekuwa akihesabu vibanio vya nguo.

"Nenda, mwanangu, lakini siku nzima naikata," Bi Abeer alisema. "Si roho mbaya. Kodi imepanda, stima imepanda, sabuni ndiyo usiseme. Na unga mia na ishirini! Serikali yenyewe ya nusu mkate, wakubwa wawili wamegawana, na sisi hata hiyo nusu hatuioni."

"Sawa, Bi Abeer."

"Mungu akufungulie."

Bi Abeer hakujua Wanjira afunguliwe nini. Ilikuwa desturi yake tu kumwombea kila mtu anayemkata mshahara.

Kliniki ilikuwa nyumba ya zamani huko Muthangari, nyuma ya ua mrefu wa michongoma, na haikuwa na kibao langoni. Walioingia humo hawakupenda kuonekana wakiingia. Wanjira alikuwa amekaa katika chumba kile cha mapokezi mara nne, na kila mara wanawake wote walitazama televisheni iliyozimwa sauti kama watu wasiojuana hata kwa ubinadamu.

Wiki tatu nyuma, yeye na mumewe Norman walikuwa wamekaa mbele ya Daktari Munir. Daktari hakuwa mtu wa kupaka mambo asali. Alichukua karatasi akachora ngazi inayoteremka, na kwa kila kidato akaandika namba.

"Hawa ni wanawake mia, kila mmoja ametibiwa mara moja," alisema. "Wakiwa chini ya miaka thelathini na mitano, kama thelathini na watano wao huondoka na mtoto. Wakifika arobaini, kumi na wawili. Wewe una arobaini na mitatu. Kwako ni watano."

Norman, ambaye alikuwa dereva wa lori la mbao na alizoea kuuliza njia mpaka mwisho wake, aliuliza, "Na arobaini na tano?"

"Mmoja. Na huyo mmoja mimi sijamwona kwa macho yangu, nimemsoma vitabuni. Ndiyo maana hapa mtu akifika arobaini na tano tunamfungia mlango, ila kama atakubali mayai ya mwanamke mwingine."

Hilo la mayai ya mwingine lilipita bila kujibiwa. Watano katika mia, hata hivyo, Norman aliwabeba nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi. Aliuza robo ekari yake ya Kinangop, akachukua mkopo wa Sacco kwa dhamana ya wenzake watatu wa kazini, zikapatikana shilingi laki tatu na elfu ishirini, kabla ya dawa. Zikilipwa hazirudi, mimba ishike isishike. Hundi ya benki ilikuwa ndani ya mkoba wa Wanjira tangu juzi, katikati ya kurasa za Biblia.

Leo Anita aliweka kitambulisho cha Wanjira mezani kando ya fomu. Alikuwa msichana nadhifu wa miaka kama ishirini na sita, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Hapa kwa fomu uliandika 1965. Kitambulisho kinasema 1962. Tukifuata hiki, uko na arobaini na sita, na mimi sina ruhusa ya kukuingiza."

"Kitambulisho ndicho kina makosa," Wanjira alisema. Alikuwa amejiandaa kwa jambo hili miaka mingi bila kujua litatokea wapi. "Baba aliniongeza miaka mitatu. Ulikuwa ule wakati wanawake walipoanza kupewa vipande, hivi vitambulisho. Nilikuwa na kumi na mitano, na kulikuwa na kazi ya kufua mashuka katika hoteli mjini. Bila kipande hawakuchukui. Baba akamwambia chifu nina kumi na minane."

Anita hakushangaa. "Hata nyanya yangu aliongezwa. Lakini mimi siweki hadithi kwa faili, mama. Naweka karatasi. Leta cheti cha kuzaliwa ama kadi ya ubatizo. Mtaalamu wa maabara anatoka India, anafika wiki ijayo, na anakuja mara tatu tu kwa mwaka. Kundi ni wanawake kumi na wawili. Kuna wa kumi na tatu, amekaa na simu mkononi akingoja mmoja wenu ateleze. Nafunga saa kumi na moja jioni."

"Na kundi lijalo?"

"Machi. Kama bei itakuwa hii."

Ofisi ya uandikishaji wa watu, katikati ya mji, ilikuwa na foleni iliyozunguka kona mara mbili. Wanjira alisimama saa moja na nusu. Karani aliyemfikia hatimaye alikuwa akila njugu kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa majina ya watu.

"Unataka kuongeza ama kupunguza?"

"Kurekebisha."

"Kupunguza," karani alijiandikia. "Miaka kumi na tisa niko hapa, sijaona mtu anakuja kuongeza. Ila mmoja, na huyo alikuwa anataka kuoa."

Watu wa nyuma walicheka. Wanjira naye alicheka kidogo, kwa sababu anayekutania ndiye mwenye muhuri. Akaeleza kwamba ana haraka, kwamba ni jambo la hospitali.

"Haraka ni yako. Barua ya chifu, kiapo cha wakili, kadi ya ubatizo, halafu faili inaenda juu. Miezi sita. Kama huna mtu huko juu, mwaka." Karani alipapasa karatasi yake ya njugu, ikawa tupu, akaikunja taratibu. "Sasa kuna njia nyingine, lakini mtu hawezi kuongea na koo kavu."

Wanjira alipitisha noti ya mia mbili chini ya kitambulisho. Karani aliitia mfukoni bila kuitazama.

"Kama ni ya hospitali, achana na sisi. Enda kwa kanisa ulikobatizwa. Wao wana daftari, na hawali."

Hiyo ndiyo hekima aliyoinunua kwa mia mbili, na Anita alikuwa amekwisha kumpa bure.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe, la wakati wa misheni, upande wa Kabete, mahali ambapo ukoo wa baba yake, Kinyanjui, ulikuwa umezika watu wake tangu mashamba yakiwa mashamba. Siku hizi nyumba za kupanga zilikuwa zimelisogelea mpaka ukuta wa makaburi, na nguo za wapangaji zilianikwa juu yake. Wanjira alifika saa saba na nusu, viatu vimejaa vumbi jekundu.

Aliyetunza madaftari alikuwa Mzee Isaiah, karani mstaafu mwenye tai hata siku za kazi. Alimtambua kabla hajasema jina.

"Binti ya Kinyanjui! Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa."

"Ni kazi, mzee."

"Kazi iko kila mahali. Keti."

Wanjira alimwambia alichotaka, bila kusema cha nini. Mzee Isaiah alifungua kabati la chuma, akashusha daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, akalifuta kwa leso yake. "Umesema 1965?"

"Sitini na tano. Mwanzoni mwanzoni."

Kidole cha mzee kilishuka ukurasa, kikapanda, kikashuka ukurasa wa pili. Sitini na tano hakuwamo. Akatazama sitini na sita, pengine walichelewa kumleta. Hakuwamo. Wanjira alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Ndipo mzee, kwa hiari yake, kama mtu apendaye kazi yake ifike mwisho, akaanza kurudi nyuma. Sitini na nne. Sitini na tatu. Sitini na mbili.

"Huyu hapa," alisema. "Keziah Wanjira. Baba, Kinyanjui. Kuzaliwa, Februari 1962. Kubatizwa, Jumapili ya Pasaka, mwaka huo huo."

Wanjira alisikia watoto wa wapangaji wakipiga mpira kwenye ukuta wa makaburi.

"Huyo si mimi," alisema.

"Jina ni lako."

"Atakuwa dada aliyenitangulia. Akafa. Mimi nikapewa jina lake, ili jina la nyanya lisipotee. Si hufanywa hivyo?"

"Hufanywa." Mzee Isaiah hakubishana. Aliinuka, akaleta daftari la mazishi, jembamba zaidi, akalisoma mwaka baada ya mwaka mpaka sitini na sita, kidole chake kikigusa kila mstari. Watoto walikuwa wengi humo. Wa Kinyanjui hakuwamo hata mmoja.

"Na hata bila kitabu," alisema, akifunga, "Pasaka hiyo mimi ndiye niliyeshika birika la maji. Baba yako alichelewa, akaja mbio na wewe umefunikwa blanketi la kijeshi. Kanisa zima lilicheka."

"Baba aliniambia aliniongeza mitatu. Kwa mdomo wake, mzee. Njia nzima ya kwenda kwa chifu. 'Ukiulizwa sema kumi na minane, lakini wewe mwenyewe usisahau hesabu yako.'"

Mzee Isaiah alivua miwani. "Hakukuongeza. Alikurudishia."

"Alinirudishia nini?"

"Wewe ulichelewa shule. Nyanya yako alipopofuka, wewe ndiye uliyemshika mkono, ukamchotea maji, ukampikia, mpaka akafa. Ulikuwa na miaka tisa. Mwalimu wa darasa la kwanza hakuchukua mtoto wa miaka tisa. Baba yako akasema una sita. Mimi nilikuwa karani wa shule, mimi ndiye niliyeandika." Alifuta miwani kwa leso yake. "Alikuwa mtu wa kanisa. Kukwambia alimdanganya chifu, au mtu yeyote wa serikali, hilo si neno. Lakini kukwambia alimdanganya mwalimu kwa ajili yako, nafikiri aliona aibu. Tena ulikuwa mtoto. Akaona haina haja."

Na kweli, sasa alikumbuka. Alikuwa mrefu kuliko darasa zima. Mwalimu alikuwa akimtuma maji kwa ndoo kubwa wenzake wakibeba mikebe. Yeye alidhani ni nguvu za ukoo.

Kwa miaka ishirini na minane, kila mahali alipotoa kipande chake, Wanjira alikuwa akikipunguzia miaka mitatu moyoni, kama mtu atoaye uzito wa debe kabla ya kusema uzito wa mahindi. Mwaka wa 2003, daktari wa hospitali ya umma alimwambia kwamba mirija imeziba, na kwamba kama anataka njia ile ya chupa afanye kabla ya arobaini. Alirudi nyumbani akamwambia Norman, tuna miaka miwili, tusikimbie. Wakamaliza kwanza kusomesha watoto wa kaka yake Norman. Halafu baba akaugua, na akiba yote ikaenda hospitalini, naye hakunung'unika, kwa kuwa ni baba. Miaka miwili ile haikuwahi kuwako. Siku anaambiwa kabla ya arobaini, alikuwa na arobaini na mmoja.

"Mzee," alisema, "niandikie kadi ya 1965."

"Wanjira."

"Ni karatasi tu. Wanaitaka hospitalini kabla ya saa kumi na moja. Nitatoa sadaka."

"Toa sadaka Jumapili, kama watu wengine." Mzee Isaiah alisema bila ukali. Alichukua kadi safi, akachovya kalamu yake, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani: 1962. Akagonga muhuri wa kanisa, akampa kwa mikono miwili. "Mimi nilishaandika mwaka wako wa uongo mara moja. Nilidhani nakusaidia."

Alitoka akiwa ameishika kadi ile. Kwenye barabara kuu alisimama dakika kadhaa. Upande mmoja ulikuwa wa kwenda nyumbani, akamwambie Norman. Alijaribu maneno. Norman, mimi si arobaini na mitatu. Norman, shamba limeuzwa bure. Norman hangempiga, hangepaza hata sauti, na hilo ndilo lililomshinda. Angekaa kwenye kochi na kofia yake ya kazi magotini, akasema, "Basi ni mapenzi ya Mungu," na baada ya mwezi mama yake angekuja kutoka Kinangop na msichana, ati wa kumsaidia kazi za nyumba.

Tena kulikuwa na yule mmoja. Daktari alisema hajamwona kwa macho, lakini hakusema hayuko. Mtu akiambiwa mmoja katika mia, hajihesabu na wale tisini na tisa. Hata Wanjira aliyekuwa amesimama juani na kadi ya kweli mkononi alijiona akielekea upande wa yule mmoja, na alijionea huruma kwa kujiona hivyo.

Saa tisa na nusu alikuwa River Road, orofa ya pili, juu ya duka la mabomba. Kivuva alikuwa mchapaji wa kadi za harusi na vipeperushi vya mazishi, kijana wa miaka thelathini mwenye wino hadi viwikoni. Ukutani alikuwa amebandika sampuli za kazi halali. Zile nyingine zilikuwa kwenye droo.

"Sasa, mathe. Harusi ama matanga?"

"Ubatizo."

"Ya mtoi?"

"Yangu."

Kivuva alicheka, akavuta droo. "Usijali, wengi hukuja. Maboi wa kuingia jeshi, wanapunguza. Wazee wa penisheni nao wanaongeza. Wewe ni wa jeshi ama penisheni?"

"Nipigie hesabu ya bei, kijana. Sina wakati."

"Mia tano. Na muhuri mia saba. Ni ya kanisa gani?" Aliipokea kadi ya Mzee Isaiah, akaigeuza kwenye mwanga. "Wacha! Hii mwandiko ni ya wapi? Watu hawaandiki hivi siku hizi. Mathe, hii yako iko poa, mbona unataka ingine?"

"Mwaka si huo."

"Nikuwekee gani? Kwangu bei ni moja. Nikupe sabini, utoke hapa msichana msupa."

Kwa dakika nzima Wanjira aliufikiria mwaka huo wa sabini. Miaka thelathini na minane. Juu ya kidato cha arobaini katika ngazi ya daktari, kumi na wawili na zaidi. Kisha akaona upuzi wake. Mayai yaliyokuwa tumboni mwake hayangesoma kadi ya Kivuva, wala ya Mzee Isaiah.

"Sitini na tano," alisema. "Huo ndio niliokaa nao."

Kivuva hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Aliuliza tu, huku akipanga herufi, "Na mama nani? Niandike kwa risiti."

"Usiandike risiti."

Mashine ilikwama mara mbili. Stima ikapotea kwa dakika ishirini, na Kivuva akakaa dirishani akiisimanga kampuni ya stima na wazazi wake wote. Iliporudi, kadi ilitoka ikiwa nyeupe mno, na Kivuva akaifuta kwa majani ya chai yaliyobaki kikombeni, akaipuliza, akaikunja na kuikunjua mpaka ikazeeka miaka arobaini na mitatu. Kazi safi. Mtu wa dobi anajua kazi safi akiiona.

Alifika Muthangari saa kumi na moja kasoro dakika saba, jasho likimchuruzika mgongoni. Chumba cha mapokezi kilikuwa kitupu, televisheni ikionyesha watu wakibishana bila sauti. Anita alikuwa amekwisha kuvaa sweta lake.

"Nilikuwa karibu kumpigia yule wa kumi na tatu," alisema. "Angelia kwa furaha, maskini. Ana thelathini na tisa."

Wanjira alikuwa ameufungua mkoba. Mkono wake ulisimama ndani ya Biblia. Mwanamke yule hakuwa na sura, alikuwa simu tu mahali fulani mjini, kwenye meza ya jikoni labda, imewekwa uso juu isije ikaita isisikike. Kwake yeye ni wanawake kumi na wanne, au kumi na watano, katika mia. Wanjira alihesabu hivyo, akaijua hesabu kuwa ya haki, na bado akaitoa hundi.

Anita aliipokea hundi kwanza. Aliisoma mbele na nyuma, akaishika kwenye taa kutazama alama ya benki ndani ya karatasi. Kisha akachukua kadi ya ubatizo, akaitia kwenye mashine ya kopi bila kuifungua vizuri, akaitoboa na kuifunga kwenye faili.

"Hutaisoma?" Wanjira aliuliza.

"Iko na muhuri, si ndio?"

"Daktari je? Nilitaka kumwuliza kitu."

"Ameenda. Lakini majibu ya damu yako aliyaona Jumatano." Anita aliinamia faili akitafuta ukurasa. "Ameandika hapa kwamba mayai yaliyobaki ni machache sana kwa umri wako. Akaandika, endeleeni kama makaratasi yako sawa."

Kwa hiyo daktari alijua tangu Jumatano, au alikuwa karibu sana na kujua. Alichotaka ni karatasi ya kumtenga na kujua huko.

Simu ikaita. Ilikuwa Norman, aliyekuwa ameambiwa asubuhi habari ya kitambulisho, na nyuma yake mlio wa msumeno wa mbao.

"Wamesemaje, mama?" Alizoea kumwita hivyo, kwa mazoea ya mji tu.

"Wamekubali."

Alisikia mumewe akivuta pumzi, kisha akimwambia mtu kando, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kujipigia makofi, "Wamekubali." Akarudi. "Bwana asifiwe. Nilijua tu ni hiyo kipande ya baba yako. Nilete nyama?"

"Lete."

Anita alisogeza fomu ya mwisho, kurasa tatu za Kiingereza. Aliifupisha kwa Kiswahili kama afupishavyo mtu aliyesoma kitu hicho mara mia: umekubali kwa hiari, ukidhurika na dawa hutashtaki, pesa hazirudi. "Na hapa chini inasema umeelezwa na umefahamu, kwamba kwa umri wako uwezekano wa kupata mtoto ni nukta nukta katika mia. Jaza hiyo mwenyewe kwa mkono wako, halafu sahihi. Kwako ni tano."

Wanjira alishika kalamu. Kwenye nukta zile akaandika 1.

"Tano, mama," Anita alisema. "Umekosea. Moja ni ya wale wa arobaini na tano kwenda juu."

"Imesema nijaze nilichofahamu. Ndicho nilichofahamu."

Anita aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama Wanjira usoni kwa muda mrefu, kuanzia nywele za pembeni mwa paji la uso hadi shingoni, kama mtu anayesoma. Kisha akatazama saa. Akatazama faili, iliyotobolewa na kufungwa. Akaitazama hundi, ambayo alikuwa ameshaibana kwenye daftari la malipo.

"Nikikupa fomu nyingine lazima nianze kuandika zote upya," alisema. "Na hii hakuna mtu huisoma."

Alilowesha muhuri kwenye wino, akaugonga juu ya ile moja mpaka ikafunikwa.

"Sindano ya kwanza ni Jumatatu, saa moja asubuhi," alisema. "Usichelewe."